Nguo ya Kutokea Eda

Nimekwenda hitima ya Mwalimu Hamza, na nimetoka kabla sinia hazijaletwa. Mama aliwaambia watu kwamba mtoto wangu kalia ndiyo maana nimemkimbiza nyumbani, lakini mtoto alikuwa kalala fofofo kifuani, na maziwa yamemkaukia kidevuni. Nilitoka kwa kinyaa. Bi Mwanahawa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Ngamiani tangu sijazaliwa, alikuwa akijifuta machozi kwa upindo wa kanga na kusema, "Ile sauti! Jamani, ile sauti! Akisoma yule, unaona kama Kurani inashuka leo, na inashuka kwa ajili yako." Wanawake wote chumbani wakaitikia, na mama yangu mzazi akaitikia kwa kilio kuliko wote. Harufu ya ubani ikachanganyika na mafuta ya pilau yaliyokuwa yakichemka uani. Nikavaa buibui langu, nikapita juu ya miguu ya watu, nikatoka.

Tangu siku hiyo nakaa na kinyaa hicho. Nafua nacho, napika nacho, nanyonyesha nacho, na mume wangu ananiambia, "Mtu keshakufa, mama, mwachie Mungu wake." Mimi sina ugomvi na maiti. Na sauti alikuwa nayo, anayekataa ni mwongo. Wala sijakasirika na Kitabu. Kitabu nakipenda, na ninakisoma sasa kwa maana yake, polepole, aya moja kwa siku mbili, kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Ninachokasirikia ni masikio. Nataka kuuandika mwaka ule kama ulivyokuwa, kabla haujafukiwa chini ya sifa za hitima, maana naona kila mwaka tukimsomea hapa atazidi kuwa walii, na mama yangu mdogo Saumu atazidi kuwa mwanamke asiye na haya.

Ulikuwa mwaka niliomaliza darasa la nane, nikarudi nyumbani kungoja majibu ya shule ya sekondari. Wasichana waliopata nafasi wakati ule walikuwa wa kuhesabika, na nyumbani hakuna aliyetaka nizungumzie jambo hilo, wakidhani kulizungumza ni kulifukuza au ni kulikaribisha, sijui. Masika ilikuwa haijakatika mume wa mama mdogo Saumu alipokufa. Alikuwa karani forodhani, mtu mpole anayecheka kwa pua, homa ikamchukua. Hawakujaaliwa mtoto. Mama mdogo akawekwa kizuka, yaani akaingia eda ya kufiwa na mume, na ikaamuliwa kwamba mimi, kwa kuwa nakula bure, nikakae naye chumbani, nyumbani kwa marehemu, mpaka eda iishe.

Chumba chenyewe nakikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kulala, kikiwemo hiki ninachoandikia. Kilikuwa cha kwanza kulia ukiingia ukumbini, dirisha lake linatazama barazani, na mbao za dirisha zimefungwa mchana na usiku, kwa hiyo mwanga ulikuja kwa mistari, ukapanda kitandani asubuhi na kushuka mchana. Kioo kiligeuzwa uso wake ukutani. Cherehani ya mama mdogo, ambayo nusu ya mabibi harusi wa Ngamiani walivaa magauni yaliyopita chini ya sindano yake, ilifunikwa shuka kama nayo imefiwa. Yeye mwenyewe alivaa nyeupe, bila wanja, bila hina, bila mafuta yenye harufu, na hayo yote ni sawa, hayo ni eda. Lakini sisi tuliongeza letu: kizuka asisikike sauti yake na mwanamume anayeweza kumuoa, na kwa kuwa nyumba ya msiba haikosi wanaume ukumbini, basi asisikike kabisa. Akitaka maji, ananong'ona sikioni kwangu, mimi napaza. Akitaka ndoo ya kuogea, ananong'ona, mimi napaza. Nikawa mdomo wake. Na mama mdogo, ambaye alikuwa na maneno kama cherehani yake, aliteseka kwa hilo kuliko kukosa wanja. Mchana mmoja mama alituletea bada ya unga wa muhogo na mchuzi wa papa, mama mdogo akaonja, akanivuta sikio akanong'ona, "Mwambie mama yako chumvi haijafiwa, inaruhusiwa kutoka nje." Nikacheka mpaka bada ikanikwama, na mama aliyekuwa mlangoni akaniita mtovu wa adabu, mtoto anayecheka msibani. Mama mdogo akatazama chini, mnyenyekevu, kama si yeye.

Kila siku baada ya alasiri alikuja Mwalimu Hamza, kaka wa marehemu. Alikuwa mwalimu wa chuo cha kufundishia Kurani, ameihifadhi nzima, ana mke mmoja na nafasi ya wengine. Ningependa kusema alikuwa mchafu au mlafi ili kazi yangu iwe nyepesi, lakini hakuwa. Kanzu yake ilikuwa safi. Hakuwa anawapiga watoto wa chuo mpaka wavimbe, kama wenzake. Alivua viatu vyake mlangoni na kuvipanga sawasawa, akaketi mkekani ukumbini, upande wa pili wa pazia la chumba chetu, akamsomea ndugu yake. Wanawake wa mtaa walijaa chumbani kusikiliza, wakakaa mpaka juu ya kitanda cha kizuka. Kila mmoja na kanga yake mdomoni. Akianza kusoma wanaanza kulia, akivuta pumzi wanapenga kamasi, akimaliza wanasema mashaallah, halafu kahawa inapita na kaimati alizokaanga mama, na mazungumzo yanageuka kuwa nani kaonekana wapi na nani. Ilikuwa hivyo kila siku. Machozi na shira ya kaimati, vyote vinafutwa kwa upindo ule ule.

Mimi nililala upande wa dirisha. Wanaume walikaa barazani baada ya Mwalimu kumaliza, na mbao za dirisha hazizuii maneno. Nilisikia mengi ambayo hayakuwa yangu. Ami yao mama na mama mdogo, aliyekuja kutoka Pangani kama walii wa kuozesha, mtu wa kuongea huku anatafuna tambuu, alisema, "Mwanamke mwenyewe bado mbichi. Ukimwacha hivi hivi ataliwa na ndege." Mwingine akasema, "Na nyumba ya marehemu iende kwa watu baki?" Kisha nikasikia sauti ya Mwalimu, taratibu, ile ile ya kusomea: "Mimi sina haja ya mke. Lakini ndugu yangu ameacha amana. Lazima nimsitiri." Wakasema, "Hilo ndilo, msitiri. Mungu atakulipa." Neno hilo, kusitiri, wamelitumia sana kwetu. Mtu akitaka kumweka mwanamke mahali asipotaka, husema anamsitiri. Hukusikia hata siku moja mtu akisema anamsitiri mwanamume. Na yote hayo yalisemwa mama mdogo akiwa katikati ya eda, wakati Kitabu kile kile Mwalimu alichokuwa anakisoma mle ukumbini kinasema mtu anaweza kudokeza tu, lakini asifunge ahadi wala asikate shauri la ndoa mpaka muda utimie. Mama mdogo alikuwa macho. Mstari wa mwanga wa taa ya barazani ulikuwa umelala juu ya uso wake.

Siku mbili tatu baada ya hapo Mwalimu alifika katika sura ya Nisaa. Wengi wenu mnajua jina lake, ni sura ya Wanawake. Alisoma siku ile kuliko siku zote. Kuna mahali alirudia mara mbili, kwa mvuto, mpaka Bi Mwanahawa akasema "Allah!" kwa sauti na kujipiga kifuani. Sikujua Kiarabu, ila kwa kuwa nilikuwa nimesoma juzuu chuoni niliyatambua maneno mawili: kurithi, na wanawake. Alipomaliza, kabla kahawa haijaanza kupita, nikasema kwa sauti, "Mwalimu, samahani. Ile aya uliyoirudia maana yake nini?"

Mama akanikata jicho. Lakini Mwalimu alifurahi. Nilisikia akikohoa na kujiweka sawa, akajibu kutoka ukumbini, "Marahaba, mwanangu, umeuliza jambo jema. Mwenyezi Mungu anawaambia walioamini kwamba si halali kwao kuwarithi wanawake kwa nguvu. Sababu yake ni kwamba Waarabu wa zamani, zama za jahilia, mtu akifa, ndugu yake anakwenda kwa mjane wa marehemu anamtupia nguo yake. Akishamtupia tu, mwanamke yule ni wake. Akitaka anamuoa, akitaka anamuoza kwa mwingine, akitaka anamzuia mpaka afe arithi vyake. Mwanamke hana neno. Basi Uislamu ukaja, ukauondoa unyama huo."

"Astaghfirullah!" akasema Bi Mwanahawa. "Nguo tu?"

"Nguo tu."

"Kama mtu anayefunika tenga la kuku!"

"Ndiyo jahilia hiyo, dada zangu," akasema Mwalimu. "Tumshukuru Mungu sisi ametutoa huko."

Wakashukuru. Mwanamke mmoja akasema Waarabu wa zamani walikuwa hawana hata haya, mwingine akasema ndiyo maana walipelekewa Mtume. Mama akapitisha kaimati. Na mimi nikakaa pale, namtazama huyu, namtazama yule, nangoja mmoja tu, mmoja, aone. Hakuna aliyeona. Hapo ndipo kinyaa changu kilipozaliwa. Ningekuwa nimemkuta Mwalimu hajui maana, ningemhurumia. Wapo wengi wanaosoma kama kasuku na si kosa lao. Huyu alijua. Aliieleza kwa ufasaha, bila kupunguza kitu, na sauti haikumtetemeka, kwa sababu kwake aya ile ilikuwa na anuani, na anuani yenyewe ilikuwa Bara Arabu, kwa watu waliokufa zamani. Yeye anasitiri. Wale walirithi. Mama mdogo alikuwa kainamisha kichwa na mabega yanamtikisika, wanawake wakampapasa mgongo, "Lia, mwaya, lia utoe." Nilikuwa karibu naye kuliko wao. Alikuwa anacheka.

Eda ilipokaribia kwisha, ikaja nguo. Desturi yetu ni kwamba kizuka akitoka eda anaoga, anavua nyeupe, anavaa nguo mpya, na nguo hiyo mara nyingi huletwa na watu wa mume. Mwalimu aliileta mwenyewe, doti ya kanga mpya na gauni la hariri la rangi ya zambarau, vimefungwa ndani ya kilemba chake. Kwa kuwa haruhusiwi kuingia, hakumpa mtu. Alikisukuma kifurushi chini ya pazia, kikateleza sakafuni mpaka kikagota mguu wa mama mdogo. "Kwa salama, shemeji," akasema, akaenda zake. Mama mdogo alikitazama kifurushi kile muda mrefu. Halafu akasahau kunong'ona, au akaamua kusahau.

"Dada," akamwambia mama, "shemeji kanitupia nguo."

Mama alikuwa anakunja mkeka. "Kakuletea, hakukutupia."

"Tofauti yake nini? Pazia?"

"Saumu, usianze."

"Simtaki, dada. Sikiliza vizuri, simtaki. Nataka chumba kimoja tu na cherehani yangu. Nitapanga kule Chumbageni, kuna mtu keshaniambia zamani. Nimeshashona mji mzima huu, nitashindwa kujilisha?"

"Mjane kijana apange chumba! Peke yake! Watu watasema nini?"

"Watasema nimepanga chumba."

Mama akatupa mkeka chini. Alisema maneno mengi, juu ya baba yao marehemu, juu ya ami aliyesafiri kutoka Pangani kwa miguu yake mibovu, juu ya Mwalimu ambaye wanawake wangapi wangetamani hata kumfulia kanzu. Lakini hakusema hakusikia. Nataka hilo lieleweke. Alisikia neno "simtaki" mara mbili, kwa sauti ya kawaida, mchana kweupe, nami nikiwepo.

Kesho yake Mwalimu alipomaliza kusoma, mama mdogo akanong'ona sikioni kwangu, nami nikapaza, kama nilivyopaza habari ya maji na ndoo: "Mwalimu, mama mdogo anasema ahsante kwa nguo, lakini ndoa haitaki." Kahawa ilikuwa mikononi mwa watu. Mwalimu hakukasirika hata kidogo, na afadhali angekasirika. Alisema kwa upole, "Mwanangu, mtu aliye msibani hasemi la moyoni, husema la uchungu. Maneno ya kizuka hayachukuliwi. Tumwache atoke salama." Wanawake wakaguna kwa kuridhika, wakaona hekima. Mimi nikapiga hesabu ya mambo yalivyo. Akinyamaza, karidhia. Akisema, ni uchungu wa msiba. Niambieni basi alitakiwa afanye nini, apige mbinja? Na fedheha ni kwamba Kitabu chenyewe, pale pale kinapotaja eda ya wajane, kinasema ikishatimia hapana lawama kwa yale wanawake watakayojifanyia wenyewe kwa wema. Wenyewe. Nimelisoma neno hilo mara nyingi tangu nipate kulisoma, nikitafuta mahali ambapo limetajwa shemeji, au ami wa Pangani, au mtaa. Sijapapata.

Eda ilimalizika, na ndoa ikawekwa siku ya pili yake, asubuhi, maana mchele ulikuwa umeshachambuliwa tangu wiki iliyopita. Mama mdogo aliogeshwa. Alipopewa lile gauni la zambarau aliliweka juu ya cherehani, akavaa tena shuka zake nyeupe, akaketi kitandani. Wanawake wakasema atabadilisha baadaye, ni haya tu. Uani sufuria zilikuwa mekoni, vitunguu vinaungua, na barazani wanaume wamejaa, yupo sheikh mzee aliyeitwa kufungisha, mtu mwenye masikio mazito na hasira za karibu. Kwa wasiojua: kwetu mwozeshaji haingii kwa mwanamke. Hutuma mashahidi wawili waje mpaka mlangoni, wasimame nje ya pazia, wamuulize kama anaridhia. Sauti ikijibu, wanarudi kushuhudia kwamba wameisikia. Kwa mwari kimya kinatosha, huhesabiwa ni haya. Kwa mwanamke aliyekwisha kuolewa hakitoshi, lazima aseme. Hilo hata Mwalimu asingeweza kulipindua. Na mashahidi waliochaguliwa walikuwa watu wawili wa kule Nguvumali, watu wa heshima, ambao katika maisha yao hawakuwahi kuisikia sauti ya mama mdogo Saumu.

Wakabisha hodi. Chumbani tulikuwa tumebanana. Mama alikuwa kaketi kushoto kwa mama mdogo, mkono wake juu ya goti lake. "Saumu," akaita mmoja nje ya pazia, akamtaja na baba yake, "walii wako anataka kukuoza kwa Hamza. Umeridhia?" Mama mdogo alikuwa kanyoosha shingo, kalitazama pazia, na midomo yake kaibana. Sasa najua alikuwa anakusanya pumzi. Akauliza mara ya pili, "Umeridhia?" Na sauti ikatoka, nyembamba, ya aibu, sauti ya msichana aliyevunja ungo juzi:

"Nimeridhia."

Ilikuwa ya mama yangu. Nilikuwa nikiishi na mwanamke yule tangu nizaliwe na sikuwa nikijua kwamba sauti hiyo imo ndani yake. Nikapiga kelele, "Siye! Siye aliyejibu!" lakini vigelegele vilikuwa vimeshapasuka, Bi Mwanahawa mbele kabisa, ulimi unacheza kama wa mjusi, na mkono wake mmoja umenifinya paja mpaka pakabaki alama. Wote mle chumbani waliona. Hakuna aliyekuwa mbali na mdomo wa mama zaidi ya hatua moja. Wakapiga vigelegele.

Mama mdogo akauondoa mkono wa dada yake gotini, taratibu, kama mtu anayeondoa uzi. Akasimama. Nadhani walidhani anakwenda kuvaa gauni, ndiyo maana wakampisha. Akafungua pazia, akakata ukumbi, akatoka barazani. Nilimfuata mbio. Mwozeshaji alikuwa ameshamaliza, mkono wa Mwalimu umeachwa sasa hivi, watu wanasema amin na kupakana uturi. Mama mdogo alikuwa kajifunika kutoka utosini mpaka kwenye kifundo cha mguu, unaona uso tu.

"Assalaam alaykum," akasema. "Mimi ndiye Saumu. Wengi wenu hamjanisikia, basi nisikilizeni vizuri. Sauti yangu ndiyo hii. Mliyoletewa siyo."

Sheikh mzee akaweka kiganja sikioni. "Anasema nini?"

"Nasema sikuridhia."

"Na aliyejibu nani?"

"Aliyejibu ana mumewe, sheikh. Mkimtaka yeye, kamtafutieni talaka kwanza."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Sheikh akawageukia mashahidi wake. "Ndiyo sauti mliyoisikia hii?" Mmoja akatazama viatu vya watu. Mwenziwe akasema, "Ile ilikuwa... nyembamba." Sheikh akainuka kwa kishindo. "Basi mimi hapa sikufunga kitu. Mnaniletea mashahidi wa pazia! Viatu vyangu viko wapi?"

Mwalimu Hamza hakuinuka. Uso wake ulikuwa umetulia, na huzuni iliyokuwemo ilikuwa ya kweli, alikuwa anamsikitikia. "Saumu," akasema, "umejivua sitara mbele ya wanaume."

"Shemeji," akasema mama mdogo, "ile aya uliifasiri vizuri sana. Mimi sina la kuongeza."

Nilimtazama Mwalimu usoni, karibu, wala sikuwa na adabu ya kutazama pembeni. Nilitaka nione imemfika. Alikunja paji la uso kama mtu aliyetajiwa mtaa asioujua. Hakuelewa ni aya gani.

Mama mdogo aliondoka jua lile lile, na mkokoteni ukabeba cherehani na sanduku moja. Nyumba ya marehemu wakabaki nayo watu wa mumewe. Hajaidai, na yupo Chumbageni mpaka leo, chumba kimoja, anashona, hakuolewa wala hakuliwa na ndege. Lakini pilau ilikuwa imeiva. Kuna mtu alisema, "Sasa na wali je?" na mwingine akasema riziki haitupwi, basi wakatandika mikeka wakala, ndoa hakuna, biharusi hakuna, wamezunguka sinia wanamega nyama. Mwalimu akanawa akala nao. Baada ya kula akaomba dua, ndefu, akamwombea marehemu ndugu yake na akamwombea shemeji yake aongoke, kwa sauti ile ile, na chumbani wanawake walewale waliopiga vigelegele wakalia. Nilikuwa nimesimama ukumbini, katikati, harufu ya uturi huku na mafuta ya nyama kule. Nilikwenda kutapika nyuma ya choo.

Niliporudi uani, watu wameanza kutawanyika. Mama alikuwa kachuchumaa mbele ya sufuria kubwa, anakwangua ukoko kwa upawa. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa mafuta. Nikasimama juu yake. Sikuamkia, sikukaa.

"Alikwambia hataki," nikasema. "Mara mbili. Ukajibu."

Akaendelea kukwangua.

"Mama. Walimuuliza yeye. Kwa nini ukajibu wewe?"

"Kwa nini," akasema, kama neno hilo amelisikia kwa jirani. Hakuwa na hasira, na macho yake yalikuwa makavu kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. "Siku yangu mimi walikuja vile vile mlangoni. Bibi yako akajibu. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nasukwa nywele, nikasikia vigelegele. Nikauliza, kuna nini?"

Akabandua kipande cha ukoko, kikubwa, chenye nyama imegandia, akanipa. Nikaweka mikono nyuma. Akakishikilia hewani muda, kisha akakila mwenyewe.